Shibiri Moja Chini ya Mfalme

Darasani nilikuwa nafundisha tofauti kati ya mfalme na waziri mkuu kwa kupiga mstari katikati ya ubao. Upande huu mfalme, upande ule waziri mkuu. Mfalme hurithi kiti, waziri mkuu hukipigania. Mfalme hutia sahihi, waziri mkuu ndiye anayeamua ni kitu gani kitiwe sahihi. Wanafunzi walinakili, wakafanya mtihani, wakasahau, nami nikaendelea kula mshahara wangu. Mjomba wangu hakuwahi kuketi darasani kwangu hata siku moja. Yeye tofauti hiyo aliijua kwa misumari.

Alikuwa fundi wa fremu. Katika nchi yetu kila ofisi ya serikali, kila shule, kila zahanati na kila kituo cha polisi lazima kiwe na picha mbili ukutani: ya mfalme juu, ya waziri mkuu chini yake, na kati ya fremu na fremu iachwe nafasi ya shibiri moja. Waraka ulitaja sentimita, lakini Mjomba hakuwa na habari na sentimita. Alitanua mkono wake, kidole gumba kikagusa fremu ya juu, kidole cha mwisho kikaweka alama ya penseli. Hakukosea hata mara moja, na mtaa mzima ulimwita Shibiri. Hata mkewe alipomkasirikia alimwita hivyo.

Picha ya mfalme aliifunga moja kwa moja. Nyuma yake aliweka karatasi ngumu ya kuzuia unyevu, akaipaka gundi uso wote pande zote mbili, juu yake akalaza ubao mwembamba, akapigilia misumari midogo pande zote nne, kisha akafunika mgongo mzima kwa karatasi ya kaki na kuweka sahihi yake pembeni. Gundi aliichemsha mwenyewe kwenye sufuria isiyopikiwa kitu kingine, na alijivunia gundi hiyo kama watu wengine wanavyojivunia watoto. "Gundi yangu haiachii," alisema. "Utang'oa ukuta, gundi itabaki." Picha ya mfalme ikishafungwa haifunguliwi tena. Ni sheria. Kioo kikipasuka, picha nzima inarudishwa kasri, na atakayeifungua ana kesi ya kujibu.

Picha ya waziri mkuu haikuwa na msumari hata mmoja mgongoni. Ilikuwa na vibanio vinne vya kuzungusha kwa kidole. Waziri mkuu akianguka, Mjomba anakuja na ngazi yake, anazungusha vibanio, anamtoa yule, anamtia huyu, na kabla chai haijapoa kazi imekwisha. Aliwatoa mawaziri wakuu tisa kwa mkono wake. Nyuso zao alikuja nazo nyumbani akazitumia kufungia vioo visivunjike njiani.

"Mfalme ni mwenye nyumba," alipenda kuniambia. "Waziri mkuu ni mpangaji. Mpangaji humpigilii misumari."

"Mjomba, mpangaji ndiye anayekaa na ufunguo."

"Wewe mwalimu umesoma kitabu. Mimi nimezishika hizo picha."

Nilimpenda, lakini alinichosha. Mama yangu alipokufa, yeye na mkewe walinilea katika nyumba yao ya vyumba viwili, karakana ikiwa mbele. Mkewe nilimwita Mama, na sikuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia, kiharusi kilimpoozesha Mama upande wa kushoto. Mjomba hakulia wala hakwenda kwa mtu kuomba ushauri. Alichukua msumeno na nyundo, akatanua mlango upite kiti cha magurudumu, kisha akabomoa dirisha la chumbani na kulishusha mpaka usawa wa kitanda. Mama akiwa amelala chali aliona mtaa wote: nani kanunua viatu vipya, nani kagombana na nani, mtoto wa nani ametoroka shule. Watu wakawa wanasimama dirishani kumpa habari, naye anawalipa kwa habari nyingine. Aliniambia siku moja kwamba mguu wamemchukulia lakini mtaa wamemwachia. Dirisha lile ndilo lililokuwa maisha yake.

Kisha waziri mkuu wa tisa akaamua kujenga barabara kubwa, na barabara ikapita juu ya kitanda cha Mama.

Sitamsingizia. Yule mtu hakuwa shetani. Alitoa siku thelathini, na kila mwenye nyumba alipewa fomu moja, ngumu kama kadi, yenye namba nyekundu na muhuri wa bluu. Unaitia sahihi na dole gumba, unaipeleka mwenyewe Ofisi ya Waziri Mkuu, unapewa kiwanja mahali pengine na mabati ya kuanzia. Fomu moja kwa nyumba moja, haina nakala, ukipoteza umepoteza. Nilipanga foleni siku mbili kuchukua ya Mjomba, jua likiniwakia utosini, nikamletea mkononi.

Mwanzoni alilainika. Mama alimwambia, "Mzee, tia sahihi. Dirisha utanijengea huko huko. Ukuta ni ukuta." Walikuwa wameshakubaliana hata upande wa kuliweka, Mama akitaka asubuhi jua limpige miguuni, si usoni. Mjomba akaishika kalamu. Mimi nilikuwa pale, nilimwona. Akasema ataitia sahihi kesho, kwa sababu mikono yake ina gundi na hataki kuichafua fomu. Usidhani natania. Mikono ilikuwa na gundi.

Kesho yake akaitwa hospitali mpya kutundika picha, maana mfalme mwenyewe alikuwa anakwenda kuifungua. Mfalme alikata utepe, akatembezwa ukumbini, akasimama mbele ya picha yake. Akauliza ni nani aliyetengeneza fremu nzuri namna ile. Wakamsukuma Mjomba mbele, na vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi.

Mfalme akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mjomba alinisimulia jambo hili mara nyingi sana hata nikawa nayajua mapumziko ya pumzi yake. Mikono laini, alisema, ya moto, isiyo na haraka. Akapata ujasiri, akasema: "Mtukufu, wanataka kunibomolea nyumba. Mke wangu ni mgonjwa."

Mfalme akamwinamia, akamtazama machoni kama mtu aliyekuwa anamsubiri siku zote, akamwambia: "Rudi nyumbani, fundi. Lala usingizi wako."

Wapiga picha wakapiga picha. Mfalme akaenda kwa muuguzi aliyefuata, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Mjomba alirudi akiwa amevishwa kilemba cha ukoka, na kwake kilikuwa cha dhahabu. Aliingia chumbani bila kuvua viatu, akamwambia Mama yamekwisha, mwenye nyumba amesema. Nilikuwa nimekuja kuipeleka fomu pamoja naye. Nikamwuliza iko wapi.

"Ngoja nikuonyeshe mahali inapostahili kukaa."

Sebuleni kwake kulikuwa na picha ya mfalme bado haijafungwa mgongo, aliyokuwa akijitengenezea mwenyewe kwa mbao nzuri kupita zote alizowahi kununua. Akailaza kifudifudi mezani. Akachukua fomu ya waziri mkuu, ngumu, namba nyekundu, muhuri wa bluu, akaipaka gundi pande zote mbili taratibu, kwa brashi pana, mpaka kwenye kona.

"Mzee, usifanye hivyo!" Mama alipiga kelele kutoka kitandani. Alikuwa anaona kupitia mlango ule mpana. "Mzee, nakuomba!"

"Mfalme ataikalia," alisema Mjomba. Akacheka. Akaibandika mgongoni mwa mfalme, akaigandamiza kwa kiganja, akalaza ubao, akapigilia misumari. Nilimshika mkono, akaniondoa kama mtu anayeondoa nzi. Mtu wa miaka sitini na minne, mwenye nguvu za kishenzi mikononi. Alipomaliza karatasi ya kaki, akatia sahihi. Sahihi ile ile tuliyokuwa tunaitaka kwenye fomu.

Nilimwambia maneno ambayo mpwa hapaswi kumwambia mjomba wake. Nilimwambia ni mjinga, na ujinga wake utamlaza mwanamke mgonjwa nje. Nilimwambia mfalme huwaambia hivyo watu wote, wagonjwa kwa wazima, kwa sababu hana ruhusa ya kuwaambia kitu kingine. Akanijibu kwa upole, ule upole unaokera, "Cha juu ni cha juu, mwalimu."

"Basi kaa na mfalme wako," nikasema, nikaondoka. Sikurudi kwa wiki mbili. Na kama hilo halitoshi, wiki ile ile nilisimama mbele ya kidato cha tatu na kuwaambia, kama mfano, kwamba wapo watu wazima mjini humu wanaoamini mfalme atazuia barabara kwa sababu aliwashika mkono. Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka nao.

Siku ya thelathini Mama alimtuma jirani kuniita. Nilimkuta amekalishwa kitandani, nywele zimechanwa, ametayarishwa kana kwamba anakwenda mahali. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Chukua koleo. Mzee yuko karakana. Fungua ile picha."

Nikalichukua koleo. Kabla sijaigeuza picha, Mjomba akawa amesimama mlangoni.

"Kufungua picha ya mfalme ni kosa la jinai," akasema. "Wewe si mwalimu wa uraia? Hujui?"

Nilijua. Nilikuwa nimeifundisha mwenyewe, sura ya nne, alama za taifa. Ningepoteza kazi, pengine na uhuru. Nilisimama na koleo mkononi nikipiga hesabu ya maisha yangu, na nilipomaliza hesabu nikaliweka koleo mezani. Ofisi ilifungwa saa kumi alasiri. Mama alituangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akageukia dirisha lake na kuuangalia mtaa, ambao nusu yake ilikuwa imeshahama.

Tingatinga lilifika baada ya siku nne, asubuhi, likiwa na askari wanane na inspekta mmoja aliyevaa glavu nyeupe. Mjomba alikuwa amejiandaa. Hakutoa kiti wala chungu nje. Alikuwa ameitundika picha ya mfalme kwenye mlango wa mbele, juu kabisa, akakaa chini yake kwenye kigoda na mikono kifuani.

"Haya," akasema. "Gongeni."

Dereva wa tingatinga akazima injini. Kuvunja picha ya mfalme ni kosa zito kuliko kuifungua, na kila mtu pale alilijua hilo. Kwa dakika nzima nilimwona Mjomba akiwa mshindi. Majirani wachache waliobaki wakaanza kunong'ona. Mtu mmoja akapiga makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri: kumbe inawezekana nimewafundisha watoto wa watu uongo.

Inspekta akasogea mpaka mlangoni. Akasimama wima, akapiga saluti kwa picha. Akavua kofia, akampa askari aishike. Akainyanyua picha kwa mikono miwili taratibu, akaifuta vumbi kwa glavu, akaifunika kwa koti lake, akaipeleka kwenye gari la polisi na kuiketisha kiti cha mbele. Akaifunga mkanda. Akaufunga mlango kwa upole, kwa kuusukuma tu, usije ukapiga kishindo.

Kisha akamgeukia dereva wa tingatinga na kumpungia mkono.

Mama tulimtoa na godoro lake. Askari wanne walishika kona nne, na niseme haki, walimtoa kwa uangalifu. Tulimlaza ng'ambo ya barabara, akiwa ameelekea nyumba, kwa sababu hakuna aliyefikiria kumgeuza. Ukuta wa kwanza kuanguka ulikuwa ule wa dirisha. Mjomba hakuangalia nyumba. Aliangalia gari la polisi likiondoka na picha yake, na akaniuliza, kama mtoto, "Wanampeleka wapi?"

Walimpeleka ofisi ya wilaya. Ofisi ilikuwa mpya, ukuta wake bado ulikuwa mtupu, na picha nzuri kama ile haiachwi ikae stoo. Wakaitundika juu ya meza ya karani, na fomu yetu ndani yake.

Walihamia kwangu. Nina chumba na sebule, na dirisha la sebule liko juu, karibu na dari, kwa sababu aliyejenga aliogopa wezi. Kitanda cha Mama kilitosha kwenye ukuta mmoja tu. Kutoka pale alipolala aliona upande wa nyuma wa kabati na kipande cha anga kisichozidi leso. Aliacha kuuliza habari za watu. Mjomba alipiga fremu chache mlangoni kwangu, za harusi na za mahafali, na kila mara alipomlisha Mama uji alimkumbusha kwamba mfalme alisema walale usingizi wao. Alidhani wapo watu wabaya katikati waliolizuia neno lisifike. Miezi saba Mama alimeza uji na neno hilo pamoja.

Mwezi wa saba, wabunge wakampigia waziri mkuu wa tisa kura ya kutokuwa na imani naye, akaanguka jioni moja. Barabara haikujengwa. Mahali pa nyumba yetu wakazungusha seng'enge, na majani yakaota. Waziri mkuu wa kumi, ili aonekane ana huruma kuliko mwenzake, akatangaza redioni: waliochelewa mara ya kwanza watapewa viwanja vyao, ndani ya siku kumi na nne, mradi waje na fomu zao za awali zenye namba nyekundu na muhuri wa bluu. Asiye na fomu asijisumbue.

Mama aliisikia redio kabla yetu. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwangu alinishika nguo nilipopita, asiniachie.

"Ofisi ya wilaya," akasema. "Iko pale ukutani. Nendeni."

Tulikwenda. Karani, kijana mwenye adabu za ofisini, alitusikiliza, akaitazama picha juu ya kichwa chake, akatutazama sisi. Akasema anatuamini kabisa. Ila picha ya mfalme haifunguliwi ila kwa idhini ya kasri. Tukaiandikia kasri usiku ule ule, barua nikiitunga mimi, Mjomba akiniamuru niongeze "fundi uliyemshika mkono". Alikuwa na furaha. Sasa mwenye nyumba ataombwa moja kwa moja, bila watu wa katikati.

Majibu yalikuja siku ya kumi na moja, kwenye karatasi nzito yenye taji. Mfalme amepokea barua yako kwa moyo mkunjufu. Mfalme anakutakia heri wewe na mkeo. Kwa kuwa masuala ya viwanja yako chini ya serikali, barua yako imepelekwa Ofisi ya Waziri Mkuu kwa utekelezaji. Siku ya kumi na mbili Ofisi ya Waziri Mkuu ikapiga simu shuleni kwangu. Mwanamke mmoja mwenye sauti nzuri akasema wameipata barua kutoka kasri na wako tayari kutekeleza mara moja. Tulete tu fomu ya awali.

Nilimpa Mjomba ile barua ya kasri. Aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Hakuniuliza maana yake. Aliikunja vizuri, akaiweka mfukoni, na jioni ile hakumkumbusha Mama chochote.

Siku ya kumi na tatu ofisi ya wilaya wakamwita kazini. Waziri mkuu wa tisa bado alikuwa ukutani, wanaona aibu. Nilikwenda naye kushika ngazi. Vibanio vinne, huyu nje, yule ndani, kazi ya dakika tano. Karani akasema anakwenda makao makuu na makaratasi, atarudi baada ya saa moja, tumfungie mlango upepo usipeperushe mafaili. Aliposema hivyo hakututazama. Namshukuru mpaka leo.

Mjomba akapanda ngazi. Akaishusha picha ya mfalme. Alivua koti, akalitandaza mezani ili kioo kisikwaruzike, akamlaza mfalme kifudifudi. Akaikuta sahihi yake pale pembeni. Akaigusa.

"Nipe koleo," akasema.

Alichana kaki. Aling'oa misumari mmoja mmoja na kuipanga kwenye kiganja changu. Miaka thelathini na tano hakuwahi kufanya jambo lile. Misumari ilipokwisha, akapenyeza kisu chini ya ubao na kuunyanyua. Ubao ukagoma. Akaunyanyua kwa nguvu. Ukatoka na nusu ya fomu.

Nusu nyingine ilibaki mgongoni mwa mfalme. Fomu ilikuwa imepasuka katikati ya unene wake, kama ngozi inavyoambulika, na uso wenye maandishi uligawanyika: namba nyekundu nusu huku nusu kule, muhuri umebaki alama za bluu tu. Akajaribu kuubandua kwa kisu. Ukatoka unga. Nikaichukua chupa ya chai ya karani, nikamwaga maji ya moto kwenye leso, tukailowesha polepole, kama wauguzi. Wino wa serikali ukaachia. Gundi haikuachia.

"Gundi gani hii," akasema Mjomba. Sikujua kama ananiuliza mimi. "Gundi gani hii, jamani."

Ningeweza kumwambia mengi. Nilikuwa na haki ya kumwambia, sura baada ya sura. Nikaangalia saa, nikamwambia tufunge.

Akafunga. Ubao ukarudi, misumari ikarudi kwenye matundu yake yale yale, kaki mpya, sahihi mpya. Akamtundika mfalme, akamweka waziri mkuu wa kumi chini yake, akatanua mkono katikati. Karani akarudi, akatazama ukuta, akamtazama mzee.

"Imekaa sawa, fundi?"

"Shibiri moja," akasema Mjomba.

Tukarudi nyumbani. Tulipoingia Mama alikuwa macho, amejiegemeza kwa mkono wake mzima, shingo ameinyoosha kuutazama mlango. Hakuwa ameketi hivyo tangu siku ya thelathini. Akauliza, "Mmeipata?"

Nilimwachia Mjomba ajibu. Nilitaka ajibu yeye, na sitasema uongo, nilitaka limuume. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akauchukua mkono wa Mama kwa mikono yake yote miwili, akauinamia, akatafuta maneno. Mtu huyu alikuwa na maneno mengi siku zote, ya kazini, ya kutaniana, ya kujisifu. Nilimwona akiyatafuta na kuyakosa, mpaka likabaki moja.

"Lala, mke wangu," akasema. "Lala usingizi wako."

Mama alimtazama. Kisha akacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, ule unaofanya kazi, na akautoa mkono wake taratibu katikati ya ile mikono miwili.

"Sasa," akamwambia, "umekuwa mfalme kweli."

Akajilaza, akageuza uso ukutani.